Zabibu za Kumpelekea Muuza Samaki

Kilichoninyima usingizi hakikuwa ndoa. Ndoa ni jambo kubwa mno kuliwazia kitandani, na akili yangu hupenda mambo madogo ambayo inaweza kuyatafuna mpaka majogoo wawike. Kilichoninyima usingizi ni swali hili: mtu akienda kujitambulisha kwa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe anauza samaki sokoni, anampelekea nini?

Ukimpelekea samaki, umemtukana. Ukimpelekea nyama, ni kama kumwambia kwamba bidhaa yake huiamini. Kitenge? Nadine alicheka aliposikia, akasema kubeba kitenge kwenda Bujumbura ni kama kubeba vumbi kwenda Dodoma. Na ukienda mikono mitupu, wewe ni kijana wa Dodoma aliyekuja kuomba, na huo utani sisi wa Dodoma tumeshaushiba tangu shule ya msingi.

Nyote mlionipigia simu tangu nirudi mnamjua Nadine, lakini kwa wale ambao hawakusoma nasi: ni muuguzi, amezaliwa Kinama, upande wa kaskazini wa Bujumbura, na alisoma chuoni kwetu. Baada ya mahafali alirudi kwao akaanza kazi. Mimi nilibaki na shahada ya takwimu na muda mwingi wa kuwaza. Mwaka huu aliniambia kwamba baba yangu hawezi kwenda kumposa kabla mama yake hajaniona. Akaongeza maneno ambayo niliyabeba safari nzima: "Nenda kwake sokoni, peke yako. Mama akikukataa, hakuna mtu wa ukoo atakayembishia. Hata mimi."

Basi nikaamua zabibu. Ni za kwetu, hazinuki samaki, na hazimtukani mtu. Nikazipanga kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza ili zisipondeke. Nikachagua pia wiki ya mwezi mpevu, kwa sababu nilihofia kufika mahali nisipopajua gizani. Nilijiona nimefikiri kila kitu. Muda si mrefu mtaona nilivyofikiri.

Dodoma hadi Kigoma: ndoo inayopumua

Nilipanda treni ya zamani, ile isiyo na haraka na mtu. Ilichelewa kuja, na ilipokuja ikachelewa kuondoka, kisha ikaondoka polepole kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Kiti cha pembeni yangu alikaa dada mmoja mnene wa Kasulu, Anti Pili, ambaye kabla hatujafika stesheni ya kwanza alikuwa anajua umri wangu, dhehebu langu na sababu ya safari yangu. Sikumwambia kwa hiari. Alikuwa na namna ya kukuuliza huku anakumenyea chungwa, na ukishapokea chungwa utanyamazaje?

"Zabibu," alisema, akiitazama ndoo. "Kwa nini usimpelekee mchele?"

"Mchele ungeonekana kama msaada wa chakula, Anti."

"Na sukari?"

"Labda ana kisukari."

Akanipa kipande kingine cha chungwa. "Mdogo wangu, wewe utazeeka mapema."

Stesheni ya Saranda tulinunua kuku wa kukaanga kupitia dirishani. Mimi nilimkagua wangu pande zote kutafuta dalili ya ugonjwa, na treni ikaanza kwenda kabla sijamaliza ukaguzi wala kupewa chumvi. Mbele ya Tabora tukasimama porini, hakuna kituo wala maelezo, tangu jua la asubuhi mpaka watu wakaanza kutandika khanga chini ya vivuli vya mabehewa. Kichwa cha treni kilikuwa kimeharibika, au dereva alikuwa amelala, au kulikuwa na ng'ombe. Kila abiria alirudi na habari yake. Anti Pili alishuka akanunua asali kutoka kwa watu waliotokea msituni na madumu, akanilisha kijiko kimoja, akasema ni dawa ya mawazo. Haikufanya kazi.

Jua lilipokuwa linapiga bati la behewa kwa hasira yote, Anti Pili alishika mkono wangu.

"Festo. Hiyo ndoo inapumua."

Nikaitazama. Kifuniko kilikuwa kimevimba katikati kama kitambi cha diwani. Nikakibonyeza, kikarudi chini. Nikaondoa kidole, kikapanda tena.

"Fungua itoe hewa," akasema.

Hapo nikaanza kuwaza: nikifungua, inzi wataingia, nisipofungua, italipuka. Nikapima pande zote mbili mpaka Uvinza, na kwa kuwa sikuamua, ndoo ikabaki imefungwa. Mambo mengi maishani mwangu yameamuliwa kwa njia hiyo.

Kigoma hadi Rumonge: Deo na ndugu zake wanaokataliwa

Habari za mihuri na foleni siwasimulii, hamkuniuliza. Nianzie upande wa pili wa mpaka, kwenye gari dogo la abiria la Deo.

Deo ni mwanamume wa makamo, mwenye koti la suti juu ya fulana ya mpira, na anaendesha akizungumza na abiria wa nyuma uso kwa uso. Mimi nilikaa mbele, ndoo mapajani. Barabara inateremka mpaka unaliona Ziwa Tanganyika chini, bluu kupita kiasi, halafu unaambatana nalo kushoto kwako, michikichi ikiwa kulia.

Jumamosi iliyokuwa inakuja Deo alikuwa na kazi kubwa kuliko udereva. Mpwa wake anaoa, naye Deo ndiye msemaji wa upande wa kijana siku ya kwenda kuomba binti. Kwa hiyo njia nzima alikuwa anafanya mazoezi, na abiria wa nyuma wakimsaidia kwa kuwa upande wa binti.

"Tunafika pale," Deo akaniambia, "tunasalimia, tunasema tumekuja kuomba mutoto. Unajua wanatujibu nini? Wanasema, mutoto gani? Hapa hakuna mutoto. Hapa kuko mbuzi tu."

"Mumepotea njia!" abiria wakaitikia kutoka nyuma.

"Unaona? Tumepotea njia! Na mutoto iko ndani ya nyumba, anatusikia."

Nilimhurumia sana. Nikawaza, ni familia ya namna gani hii inayodanganya wageni mchana kweupe? Kwetu mnaandika barua ya posa, mnaifunga kwenye kitambaa, mnajibiwa kwa barua, hakuna anayesingiziwa mbuzi.

"Sasa mnafanya nini?" nikamuuliza. "Mnarudi?"

Deo alikanyaga breki kidogo ili anitazame vizuri. "Kurudi? Sha, mutu akirudi amekufa! Unasema: ni kweli, tumepotea, kiu ndiyo imetuleta. Unatoa inzoga. Mutu asiye na pombe hana kinywa pale."

Nikatikisa kichwa kwa heshima, nikarudi kuwaza kuhusu ndoo. Ndiyo, rafiki zangu. Nilipewa jibu la mtihani nikiwa nimekaa mbele, nikaliweka mfukoni bila kulisoma.

Rumonge mafuta yaliisha. Siyo ya Deo peke yake, ya mji mzima. Magari yalikuwa yamepangwa barabarani hayana madereva, mengine yana nguo zimeanikwa juu yake. Deo akaenda kumtafuta mtu anayemjua mtu, akarudi akasema "kidogo tu", na kidogo hicho kikamaliza siku. Tulikula maharage ya mawese na ndizi za kupika kwenye kibanda cha mama mmoja. Nilipouliza samaki wabichi, na ziwa lipo hatua chache, akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mwezi ule hauuoni? Wavuvi wanavua na taa. Saa mwezi inajaa, ndagala haifuati taa, na samaki ya mukeke haiji. Watu wote wamelala kwa wake zao. Urudi mwezi ikifa."

Nikalitazama ziwa. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani, taa zake zimefunikwa magunia. Mimi, msomi, katika wiki zote nilichagua ile moja ambayo ziwa zima limepumzika. Mpango wangu ulikuwa kwanza nijifanye mteja kwa mama mkwe, nimsome, nizoee sauti yake, ndipo nijitambulishe. Sasa nikajiuliza nitajifanya mteja wa nini.

Ili nijisikie mtu mwema, nikaenda dukani nikamnunulia Deo Fanta. Muuzaji akaifungua, nikambebea mpaka garini. Deo akashukuru sana kwa mikono miwili, akaiweka juu ya paa la gari, akaendelea na habari zake. Haikuguswa. Inzi mmoja akaja, akaizunguka, hata yeye akaondoka.

"Hupendi Fanta?" nikamuuliza mwishowe.

"Napenda." Akakohoa. "Nani ameifungua?"

"Muuza duka."

"Mi sikumuona." Akanishika bega ili nisikasirike. "Sikiliza, kaka. Si we. Huku kwetu kinywaji inafunguliwa mbele ya mwenye kuinywa. Na mwenye kuileta anaonja wa kwanza. Ni vile tu. Ata mama yangu anafanyaga ivyo."

Nilielewa kwamba nilikuwa nashukiwa sumu, kwa adabu kubwa. Kuthibitisha kwamba mimi si muuaji, nikainywa Fanta yote palepale mbele ya abiria wote, ya moto, bila kupumua. Wakapiga makofi. Kilichofuata kati ya Rumonge na Bujumbura, barabara ikiwa na mashimo yale na choo hakuna, hakihusu safari hii.

Tulipokuwa tunaingia mjini Deo akavuta hewa kwa pua, akageukia mapaja yangu.

"Unabebaka inzoga humo?"

"Ni zabibu."

"Ah," akasema. "Zilikuwa zabibu."

Kinama: asubuhi ya kutokula

Nililala kwenye nyumba ya wageni, nikaamka mapema. Mhudumu akaniletea mkate na chai ya maziwa, nikaona nikila nitatapika mbele ya mama mkwe, nisipokula nitazimia mbele yake. Nikala nusu ya mkate, ili matokeo yote mawili yabaki yanawezekana.

Nadine alikuwa zamu ya mchana kutwa wodini, simu yake imefungwa kabatini. Alikuwa amenitumia ujumbe mmoja alfajiri: "Meza ya mama iko mwisho wa safu, karibu na maman Furaha wa mboga. Usiogope. Nimeshamwonyesha picha yako." Huo "nimeshamwonyesha picha yako" niliusoma njia yote. Picha ipi? Ile ya mahafali nikiwa nimefumba macho?

Nilitembea. Asubuhi Kinama kila mtu anaenda mjini au anarudi kutoka shambani upande wa Carama na kitu kichwani: kapu la nyanya, godoro, mbuzi aliyefungwa miguu na anayeonekana kuvumilia kuliko mimi. Soko nililisikia kabla ya kuliona. Nyanya zimepangwa vilima vidogo, mihogo, mchicha wanaouita lenga lenga ulionyunyiziwa maji, mawese kwenye chupa zilizowahi kuwa za kila kitu. Upande wa samaki ulinuka, lakini kwa unyonge. Meza nyingi zilikuwa tupu. Juu ya nyingine kulikuwa na ndagala wa kukauka, hawa dagaa wetu, wakimeta kama misumari mipya, na samaki wakubwa wa ziwa waitwao kuhe, wachache, waliochoka. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanasukana, wanachambua wapita njia.

Kumbukeni jambo hili, maana sikulielewa wakati ule: nilikuwa nimefika siku ambayo wauza samaki hawana samaki. Walikuwa na asubuhi nzima na hakuna cha kufanya nayo. Halafu nikatokea mimi, na ndoo.

Sokoni: mtoto gani?

Nilimtambua mama yake Nadine papo hapo. Ni mwembamba, ana pua ya Nadine na miwani iliyofungwa kwa uzi mwekundu, kisu mkononi, anaparua magamba ya kuhe bila kumtazama. Pembeni yake, nyuma ya ukuta wa lenga lenga, maman Furaha: mama mnene kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ambayo haihitaji soko, inahitaji mlima.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kisu kikaendelea. Maman Furaha ndiye aliyepokea. "Shikamoo! Mumesikia? Mi miaka yote niko hapa, hakuna mutu ananiamkiaga ivyo. Huyu ametoka Tanzania, na ametoka mbali, angalia viatu."

"Unatafuta nini, mwana?" mama akauliza. Sauti yake ni ndogo, lazima uinamie.

Nilikuwa nimetunga sentensi kumi na kuzikariri tangu Tabora. Zote zikaondoka. "Naitwa Festo. Natoka Dodoma. Nimekuja... kwa ajili ya Nadine."

Kisu kikasimama. Safu nzima ikasimama. Hata yule aliyekuwa anasukwa aligeuka na kichwa chake nusu.

"Nadine gani?"

"Nadine, mama. Binti yako."

Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena, akanitazama kuanzia viatuni. "Mi? Mi siko na mutoto anaitwa Nadine. Mi niko na ndagala za kukauka." Akageuka. "Maman Furaha, we unajua mutoto Nadine fasi hii?"

"Nadine?" Maman Furaha akainua jani moja la mboga, akachungulia chini yake. "Apana. Hapa kuko lenga lenga, kuko nyanya. Labda kule kwa wenye mchele."

"Kwangu kuko mihogo tu!" mwingine akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nadine aliisha jana!" wa tatu akasema. "Urudi kesho!"

Wakacheka. Mimi nikatoa simu, nikamwonyesha picha yetu ya mahafali. Mama akaishika mbali, kisha karibu.

"Huyu ni mutoto muzuri," akasema. "Ni wa nani?"

"Ni wako, mama. Mnafanana pua."

"Pua zinafananaga."

Wakati huohuo akapita mwanamke na kikapu, akapunguza mwendo. "Mama Nadine, ndagala leo ni namna gani?"

"Ni mzuri, chukua," mama akajibu bila kupepesa, akampimia, akamwongezea kiganja cha nyongeza, akampa. Kisha akanirudia. Nilikuwa nimeachama. Akasema kwa utulivu kabisa: "Iyo ni jina ya biashara."

Mtu mwenye akili ya kawaida angecheka hapo. Mimi nilihesabu ushahidi. Anajua mimi ni nani, maana ameona picha. Nadine ni mwanawe, maana soko zima linamwita Mama Nadine. Kwa hiyo anadanganya. Na mtu anayekudanganya usoni kwamba mwanawe hayupo, anataka nini kama si uondoke? Nikaona pia kwamba hakuna aliyeniambia nikae. Kila mtu pale alikuwa juu ya ndoo au gogo, na mimi nimesimama kama mtoza ushuru.

"Una hakika umefika fasi yenye ulikuwa unatafuta?" mama akaniuliza tena. "Ao umepotea njia?"

"Samahani, mama," nikasema. "Basi nimekosea."

Nikainua ndoo yangu nikaondoka.

Kicheko kilikatika nyuma yangu kama redio iliyoishiwa betri. Nikamsikia maman Furaha, na kwa mara ya kwanza alikuwa anajaribu kunong'ona: "Eh? Anaenda?" Na sauti nyingine, kwa Kirundi, yenye mshangao wa kweli: "Yampaye inka! Anaenda kabisa!"

Kutoka meza ya samaki hadi barabarani

Hii ilikuwa safari fupi kuliko zote na ndiyo niliyotembea polepole kuliko treni.

Nilifika barabarani, mahali mabasi ya kwenda mjini yanaposimama. Basi likaja, kondakta akanionyesha nafasi. Nikamwambia nangoja linalofuata. Linalofuata likaja. Nikamwambia hivyohivyo. Nilikuwa natunga ujumbe wa kumwandikia Nadine, na kila nilipofika kwenye neno "amenikataa" vidole vilikataa. Ukoo mzima haumbishii. Hata yeye.

Halafu, sijui kwa nini, nikakumbuka koti la Deo. Hapa hakuna mutoto. Hapa kuko mbuzi tu. Mumepotea njia.

Nilisimama wima hivi kwamba mwenye baiskeli akanikwepa. Umepotea njia: maneno yaleyale! Na mama alipoyasema, mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani ni hasira. Lakini mtu mwenye hasira hamwongezei mteja kiganja kizima cha nyongeza.

Au anaweza. Hapo ndipo akili yangu ilipokaa kitako. Kwa sababu kama ni mchezo, nimewaharibia kwa kuondoka. Lakini kama si mchezo, nikirudi nitakuwa nimekataliwa mara mbili asubuhi moja, mara ya pili kwa kuomba. Deo alikuwa na wazee, vijana, siku iliyopangwa, suti. Mimi nilikuwa sokoni, siku ya kazi, na viatu ambavyo vilishazungumziwa. Je, huo mchezo huchezwa na mtu mmoja? Huchezwa mbele ya kuhe? Hakuna mtu wa kumuuliza. Nadine yuko wodini, Deo nina hakika bado anatafuta mafuta. Nimesomea takwimu, ninajua hali ambayo data haitoshi ikiwa mbele yangu. Ukiwa ofisini unasema hivyo kwenye ripoti, unaenda kula.

Ndoo ikapumua. Nilikuwa nimeikumbatia, nikasikia kifuniko kinapanda taratibu kifuani kwangu, kimekaza. Tangu Dodoma hakuna aliyeifungua. Nilikuwa nimeshindwa kuamua mpaka nikawa nimefika Bujumbura na chombo kilichofungwa, chenye kitu ambacho hata dereva wa gari alikitambua kwa jina lake.

Mutu asiye na pombe hana kinywa pale.

Basi la tatu likaja. Kondakta wake, kama wenzake wawili, akaniuliza, "Kaka, unaenda ao hauendi?"

"Siendi," nikamwambia.

Safu iliniona natokea mbali. Yule wa kusukwa alimpiga kibao msusi wake aache. Mama alikuwa na kuhe yuleyule mkononi, na sidhani alikuwa amemparua gamba hata moja tangu niondoke. Nikasimama mbele ya meza. 

"Mama zangu, hodi tena," nikasema. "Ni kweli nimepotea njia."

Nikaendelea kabla ujasiri haujaisha.

"Nimetoka mbali, na kiu ndiyo imenileta. Wenye mihogo wameniambia kwao kuna mihogo tu. Wenye mchele wameniambia Nadine hayupo kwenye mchele. Lakini nimesikia kwamba kuna samaki mmoja ambaye mwenye meza hii hamweki mezani. Huyo ndiye nimemfuata."

"Ayii! Amemuita mutoto samaki!" Maman Furaha alikuwa amesimama, mboga zinadondoka.

Mama hakucheka. Alinitazama juu ya miwani. "Samaki gani? We hauoni mwezi? Wiki hii samaki hakuna."

"Basi nitangoja mwezi upungue, mama."

Sauti iliyotoka kwenye ile safu siwezi kuiandika. Wengine walipiga meza kwa mapanga. Mama alitazama chini kwenye kuhe wake, na mabega yakaanza tena. Safari hii niliyasoma sawasawa.

"Na umekuja mikono mitupu?" akauliza alipopata sauti.

"Nimekuja na inzoga."

Nikaiweka ndoo mezani. Maman Furaha akanyoosha shingo. "Nani ameifungua?"

"Hakuna. Inafunguliwa mbele yenu."

Nikakamata kifuniko kwa mikono miwili. Kilitoka na mlio wa gari lililopasuka tairi, povu la zambarau likaruka mpaka kwenye miwani ya mama mkwe wangu mtarajiwa, na harufu ikapanda ikafunika, kwa mara ya kwanza siku hiyo, harufu ya samaki. Ndani, zabibu za Dodoma zilikuwa zinaelea kwenye maji yao, zimekunjamana, zinatoa vipovu kama zinaongea.

Mama alifuta miwani polepole. "Onja."

Nikatazama ndani. Niliwaza kipindupindu. Niliwaza choo cha nyumba ya wageni, na barabara ya Rumonge. Mwili mzima ulikuwa na hoja. Nikaingiza mkono, nikachagua ile kubwa, nikaitia mdomoni, nikaitafuna mbele yao wote mpaka nikameza.

Ilikuwa kali, tamu, na inauma kidogo ulimini. Mama akanyoosha vidole vyenye magamba, akatoa moja, akala. Akaifikiria. Akachukua nyingine.

"Mi ni mlokole," maman Furaha akatangaza, huku mkono wake ukiwa ndani ya ndoo, "lakini matunda nakulaga."

Mama akafuta kisu chake, akakilaza mezani, akageuka nyuma.

"Nyie hamuna adabu?" akawauliza wenzake kwa ile sauti yake ndogo. "Mumupe mutu kiti. Amesimama tangu asubuhi."

Ndoo iliyopinduliwa ikapita mkono kwa mkono kutoka kwenye mihogo mpaka kwangu. Nikaikagua kidogo tu, kama ina maji. Nikakaa.